Mtoto Hafunguliwi Mlangoni

Jumapili, saa kumi na mbili jioni. Upepo wa Kitengela leo umeamua kuhama na mabati ya watu, vumbi imeingia hadi kwa chumvi, na mimi sijali hata kidogo.

Nashipae wangu amelala baada ya kupitishwa mikononi mwa wanawake kumi na mmoja, kwa hivyo niko na kama nusu saa. Wacha niandike mbio mbio.

Leo chama chetu cha wanawake kimekuja kwangu.

Kama ni mara yako ya kwanza kupita hapa kwa shajara yangu ya mtandaoni, nitakueleza. Hii ni wiki ya tisa sijakanyaga ile supamaketi kubwa ya bei ya chini, ile ambayo nusu ya Kitengela hutoka huko na mifuko ya rangi ya machungwa. Jina siliandiki. Nilikuwa mteja wa kila wiki, hadi stima zikipotea ningekuonyesha unga uko wapi.

Siku ile nilikuwa nimembeba Nashipae mgongoni, nimemfunga na leso. Meno yalikuwa yanamsumbua, tulikuwa tumekesha siku tatu, na hatimaye akashikwa na usingizi hapo kwa foleni. Nikalipa. Risiti iko mkononi. Kufika mlangoni, askari mwanamke akaniambia, "Madam, fungua mtoto."

Nilidhani haniambii mimi. Akasema ni sheria ya kampuni, ati akina mama wa kubeba watoto wanaficha vitu katikati ya mtoto na mgongo. Watu nyuma yangu wanasukumana. Nikafungua. Akapapasa leso, akapapasa nepi ya mtoto, akapapasa mgongo wangu uliolowa jasho. Nashipae akaamka akalia vile hajawahi kulia. Yule askari, hata sina hasira naye, ni kazi, akaniangalia akasema, "Haya, endelea."

Endelea.

Nilitembea hadi nyumbani nikiwa nimemshika mkononi. Sikuweza kumfunga tena.

Mama yangu ni mtu wa Kajiado asiye na maneno mengi. Nilipompigia simu nimweleze, aliuliza swali moja tu: "Na wewe ukakubali?"

Kesho yake nikaandika barua kwa mkono, ukurasa mmoja, nikampelekea meneja. Alinipigia na sauti nzuri, akaniambia nipitie nichukue kikapu cha zawadi. Nikamwambia sitaki kikapu. Nataka muache kufungua watoto. Akasema sheria inatoka juu.

Basi na mimi nikatunga sheria yangu. Siingii huko hadi hiyo yenu iondolewe.

Sitajifanya hapa, imekuwa ngumu. Unga huku, sabuni kule, nepi kwa duka la tatu, na mtoto mzito mgongoni, jioni miguu sio yangu. Baba Nash ananiita Serikali. "Serikali imeamua tunywe chai na sukari ya wapi leo?" Anacheka, lakini huwa anaenda kununua mahali nimemtuma. Wiki ya ofa ya nepi nilisimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya mkokoteni wa tikiti maji, nikaangalia akina mama wakitoka na pakiti mbili mbili. Nikalia kidogo. Halafu nikarudi nyumbani.

Kilichoniuma zaidi ni kujua niko peke yangu. Duka kubwa hivyo litajuaje mtu mmoja amekosekana?

Na ndipo zamu yangu ya chama ikafika.

Sisi ni kumi na wawili. Kila mwezi tunaenda kwa mmoja, kila mtu na kitu cha jikoni. Vitu vyote hununuliwa kwa hiyo supamaketi, kwa sababu mwenyekiti wetu, Mama Wangui, ako na kadi ya pointi, na pointi zote zinaingia hapo ndio Disemba tugawane mchele na mafuta. Nimengoja zamu hii tangu niwe mja mzito. Jumanne nikaandika kwa grupu: tafadhali, msiniletee chochote kutoka pale. Kama haiwezekani, mniruke.

Wote wakasoma. Hakuna aliyejibu, isipokuwa Mama Wangui. "Tutaona."

Hawa ndio wanawake walinifulia nguo nilipojifungua. Walinipikia uji wiki mbili, kwa zamu, bila kuulizwa. Kukataa kitu wamekibeba hadi mlangoni kwako ni kama kuwatemea mate. Wakija na ile mifuko ya rangi ya machungwa, ningefanya nini? Niwarudishe, nipoteze chama? Au nipokee, nimeze kila neno nimesema wiki tisa? Asubuhi kanisani sikusikia hata mahubiri.

Tuko na mchezo wetu. Chama kikija kwako, unafunga mlango. Wanaimba nje, na wewe ukiwa ndani unauliza, "Mmetoka wapi, na mmebeba nini?" Hawaruhusiwi kuingia hadi uridhike na majibu. Huwa ni utani mtupu. Mwezi jana kwa Mama Brayo tulisema tumetoka Ulaya na ndege imejaa. Ilikuwa sufuria.

Leo hilo swali halikuwa utani mdomoni mwangu.

Saa tisa nikasikia nyimbo zikipanda kutoka ploti ya chini. Nikafunga mlango, nikauegemea na mgongo.

"Mmetoka wapi?" Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto.

"Uliza kama mtu amekula!" Mama Brayo akaita, na wote wakaangua kicheko.

Nikauliza tena, kwa nguvu.

"Tumetoka Isinya kwa wafugaji wa kuku, tumebeba mayai!"

"Mimi nimetoka kwa posho mill, unga bado ni moto, fungua unanichoma!"

"Sisi tumetoka sokoni na vitunguu, tumelia njia yote!"

Nikaanza kucheka na kulia pamoja. Sabuni ya kipande kutoka kwa kioski. Maziwa ya mama mmoja wa hapa nyuma. Kila mtu na mahali pake. Nilikuwa nahesabu sauti, na moja ilikosekana.

"Na mwenyekiti ametoka wapi?"

Mama Wangui akasogea karibu na mlango.

"Mimi nilitoka huko huko, Mama Nash. Jana. Wacha nisikudanganye."

Akaniambia yote hapo nje ya mlango. Alikuwa ameenda kununua kila kitu na kadi, vile tumezoea. "Nilisema wewe ni msichana tu, ukiona mchele utanyamaza." Alikuwa amembeba mjukuu mgongoni kwa sababu binti yake ako kazini. Amelipa, amefika mlangoni, akaambiwa, "Shosho, fungua mtoto."

Mama Wangui! Yeye ndiye husoma matangazo kanisani. Akipita, hata bodaboda hupunguza redio.

Hakufungua. Aligeuza toroli, akarudi kwa keshia, akasema vitu vyote virudishwe. Kimoja kimoja. Jumamosi jioni, na foleni imefika kwa friji za maziwa. "Wengine walinitukana, nikawaambia ngojeni, na mimi nimengojeshwa." Akitoka akamwachia meneja ile kadi mkononi. "Nikamwambia hizo pointi anywe na chai."

Halafu ndipo akaanza kupigia kila mtu simu, moja baada ya nyingine, ndio leo asubuhi wengine wakakimbia Isinya na wengine sokoni.

"Sasa fungua," akasema. "Tumesimama kwa upepo kama nguo kwa kamba."

Nikafungua. Nikamwangukia shingoni, na yeye akanipigapiga mgongo na mkono mmoja. "Wacha kulia. Utavunja mayai."

Tulipokuwa tunakunywa chai wakaamua: chama hakinunui pale hadi watoto waachwe migongoni. Na kesho saa nne asubuhi tunaenda kwa meneja, wote kumi na wawili, kila mtu na mtoto mgongoni. Ambaye wake wamekua ataazima wa jirani. Mama Brayo, ambaye kitinda mimba wake ako kidato cha pili na anavaa kiatu kikubwa kuliko cha baba yake, ameapa atambeba huyo huyo. Tumecheka hadi mbavu zinauma.

Nina furaha mpaka nashindwa kukaa.

Lakini hii ni shajara, kwa hivyo niseme na ingine. Nikiosha vikombe nilishikwa na hasira kidogo. Mbona Mama Wangui hakuniamini Jumanne? Kwani ni lazima mtu ashikwe yeye ndio ajue inauma?

Kisha nikakumbuka, na kikombe kikanibaki mkononi.

Kama mwezi mmoja kabla ya siku niliyofungulishwa Nashipae, kulikuwa na mama mbele yangu kwa mlango huo huo. Shuka jekundu, mtoto mdogo mgongoni, kikapu cha shanga anazouza pale makutano ya barabara. Akaambiwa afungue. Kiswahili kilikuwa kinampiga chenga. Akageuka, akaangalia foleni, akaniona, nafikiri uso wangu ulimwambia mimi ni wa kwao. Akaniomba kwa Kimaa, lugha ya mama yangu, nimwelezee askari kwamba mtoto ni mgonjwa, asiguswe.

Nilimsikia vizuri sana. Nikaangalia simu.

Sijawahi kumwambia mtu hii. Hata Baba Nash.

Kesho sitaki kuwa mbele. Mbele ni pake. Jina lake silijui, lakini wauza shanga wa makutano wanajuana, na nitaamka mapema nipite kwa kila mmoja nikiuliza mama wa shuka jekundu na mtoto mdogo, hadi nimpate kabla ya saa nne.

Na nikimpata, nitaanza kumwambia nini?