Kuomba Radhi Kurasa Kumi na Moja

Jumatatu, 4 Machi
Barua ya askofu imefika. Jumapili hii mume wangu amwombe radhi mpiga kengele mbele ya waumini, la sivyo avue joho na tuhame nyumba ya kanisa. Kisa? Riwaya yake! Ndani yake kuna mpiga kengele anayesinzia mahubiri yakianza, meno ya bandia kayatia mfukoni.
“Si yeye,” anasema Baba Watoto.
Nikamuuliza, kwani tuna wapiga kengele wangapi?

Jumatano, 6 Machi
Nilimwambia aandike sentensi mbili tu. Nimekosa, nisamehe, basi! Tangu jana yuko mezani. Na kunakili nitanakili mimi. Mwandiko wake ni kuku kapita kwenye majivu.

Ijumaa, 8 Machi
Kurasa kumi na moja! Ukurasa wa kwanza anaomba radhi. Wa pili mzee mpiga kengele anateleza kwenye ngazi ya mnara. Wa tano kuna mjane. Mjane katoka wapi?
“Mama Watoto, radhi bila kisa haiingii moyoni.”
Sikio la kufa! Nimeomba maboksi dukani, nikapata manne. Nimeanza kufungasha vyombo.
Maharage yameungua nikiwa ukurasa wa kumi. Sikumwambia kwa nini.

Jumapili, 10 Machi
Kasoma zote. Mkuu wa jimbo, mjumbe wa askofu, yuko benchi la mbele, anatazama saa. Ukurasa wa sita kanisa zima linacheka — hata mpiga kengele, kiganja mdomoni, meno yasije yakamtoka. Mwisho, mzee anabisha hodi kwa mjane, na mume wangu anakunja karatasi. Eti hapo ndipo alipofikia!
Mpiga kengele akasimama. Nikashika benchi.
“Mchungaji, sasa ndiyo umenikosea! Kafunguliwa au hakufunguliwa?”

Naandika jikoni. Mkuu wa jimbo yuko sebuleni, chai inapoa, anataka karatasi ampelekee askofu. Mume wangu kajifungia: asubiri, hazijaisha. Mpiga kengele kakalia boksi langu la sahani, haondoki ng'o.
Sasa mume wangu ananiita kupitia mlango — karatasi za kuandikia zimemwishia!
Zipo. Nilizifungasha chini ya sahani.
Nimemwambia mpiga kengele, baba, hebu nyanyuka.