Mlio Baada ya Mashine

Jumatatu, 3 Machi
Asubuhi ya baridi, ukungu hadi kwenye ua. Nimekamua saa kumi na moja. Lita tisa. Kisha nikakata majani ya nepia ya ng'ombe kwa mashine, earphone masikioni kama kawaida. Mashine inanguruma, kwa hiyo muziki naupandisha hadi mwisho. Nilipozima vyote viwili, kitu kiliendelea kulia. Chembamba, kama birika linalochemka mbali. Jikoni hakukuwa na birika motoni.

Jumanne, 4 Machi
Jua. Mlio bado. Nimeutafuta kwa utaratibu: friji, redio, taa ya sebuleni. Mwishowe nikazima swichi kuu. Nyumba ikanyamaza, mlio ukapanda.
Mama alitoka bafuni na povu kichwani. "Wewe! Stima umezima ya nini?"
Nikamwuliza kama anasikia kitu kikilia.
"Ni njaa yako hiyo. Washa stima."
Sikucheka.

Alhamisi, 6 Machi
Hakuna upepo. Nimetembea hadi katikati ya shamba la ngano lililolimwa juzi, mbali na nyaya zote. Mlio ulikuja nami, haukupungua hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikavaa earphone niufunike. Nilisikiliza hadi betri ikaisha. Ulikuwa unaningoja, mkubwa zaidi.

Ijumaa, 7 Machi
Ndama alijinasa shingo kwa kamba, karibu afe. Mama aliniita nimsaidie. Anasema aliita mara nne. Nilikuwa hatua ishirini tu, nikianika nguo, bila earphone. Sikusikia.
Hajanigombeza. Ananitazama tu. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu, 10 Machi
Mvua nyepesi. Nakuru, kliniki ya masikio. Mhudumu aliniketisha ndani ya chumba kidogo kisichopitisha sauti, akanivisha headphone, akanipa kitufe. "Ukisikia sauti, finya." Akafunga mlango.
Nikasikia. Nikafinya. Nikafinya tena, na tena.
Mlango ukafunguka. "Dada, bado sijaanza."
Baada ya kipimo akanieleza: sauti nyembamba hazifiki tena, hasa sikio la kushoto. Mlio unatoka ndani ya sikio lililoumia. Huenda ukapungua, huenda usipungue. Kilichopotea hakirudi. Akauliza nimetumia mashine na earphone kwa pamoja kwa muda gani. Miaka minne, kila siku. Akaandika.

Jumatano, 12 Machi
Mawingu. Nimekata nepia nikiwa na vizibo vya masikio, vya manjano, bila muziki. Nilipozima mashine nikaona ndege mdogo juu ya waya, mdomo ukifunguka na kufungika. Nikavua vizibo. Mdomo ukaendelea kufunguka na kufungika. Koo lake lilikuwa linatetemeka. Nilisimama hapo hadi akaruka.
Siku hizi Mama hunigusa bega kabla ya kusema. Hatujalizungumzia.
Kitandani nilijaribu kukumbuka ndege wa aina ile hulia vipi. Sikuweka muziki. Nililala saa saba na dakika kumi usiku.