Marundo ya Wajomba

Jumanne. Jua kali, vumbi, na mlima umejifunika moshi. Ni msimu wa kuchoma mashamba kusubiri vuli, na hapa mjini Morogoro tunakohoa sote.

Nimelipia nusu saa kwenye intaneti kafe. Habari ya kwanza: nchi nyingine imejaribu bomu la nyuklia. Jirani yake anasema naye ataongeza ya kwake, si ya kupiga, ni ya kuzuia kupigwa. Nimesoma bila kushtuka. Maneno hayo niliyasikia juzi Jumapili kule mlimani Matombo, kwa wajomba zangu wawili.

Wanagombea mpaka wa shamba la ukoo. Mdogo alitishia kuchoma migomba ya mkubwa. Mkubwa akarundika mabua makavu mpakani. Mdogo kuona hivyo, naye akarundika matawi. Tangu hapo kila mmoja akitoka shamba anaongeza mzigo kwenye rundo lake. Sasa marundo yamepita kimo cha mtu.

Nyumba ya mama, ya nyasi, iko juu yao kwenye mteremko. Na moto mlimani hupanda.

Nilikwenda kusuluhisha. Shikamoo mjomba, marahaba, kahawa ikaletwa. Mkubwa akasema, "Mimi siwashi, mwanangu. Nataka ajue tu kwamba naweza." Nikavuka kwa mdogo, akaniambia yaleyale, tena kwa upole. Kanisani wanakaa benchi moja.

Hapo ndipo ninapoogopa. Hakuna anayetaka kuwasha, lakini wote bado wanachoma mashamba kama kila mwaka. Cheche moja ikiruka, nani ataamini ni bahati mbaya?

Mama nilimkuta na kiredio chake cha Kichina, tunda la soko huria, kinachoshika stesheni zote isipokuwa anayoitaka. Nikamwomba ashuke akae kwangu. Akakataa. Kaburi la bibi liko pale, na kuku je, nitawafuga mimi? Kisha akauliza, "Hao wa mabomu wanaosemwa redioni, juu yao anakaa nani?"

Nilijifanya natafuta viatu. Jibu nilikuwa nalo: tunakaa sisi.

Muda wangu unakwisha. Jumamosi napanda na jembe na fyekeo, nisafishe ukanda wa kuzuia moto chini ya nyumba ya mama. Wajomba nitawaomba wanisaidie, wote wawili, siku hiyohiyo.

Hilo naliweza. La wale wa mabomu, jembe nianzie wapi?