Michembe ya Mama Mkwe

Jumanne, Itetemia

Na bado neno lake la asubuhi linanichoma: "Mama Neema, huyu mtoto umemlea kwa chujio." Mama mkwe amefika jana tu kutoka Nzega, shikamoo yangu hata haijapoa!

Lakini amesema kweli. Neema alipoanza kula alipaliwa mara moja, nikaogopa. Tangu hapo nikamchujia kila kitu: uji, viazi, hata maharage. Sasa ana miaka miwili, na chochote chenye vipande anakitema. Ugali anauficha shavuni mpaka unapoa. Huwa najiuliza, siku nikimpeleka kwa watu atakula nini?

Mchana mama mkwe alichemsha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, akaketi mkekani akala taratibu. Hakumwita mtoto. Hakumbembeleza. Mimi nilikuwa na bakuli la uji laini mkononi, tayari kwa vita vyetu vya kila siku.

Neema akamsogelea bibi yake, akachukua kipande, akakiuma. Nikainuka haraka nimnyang'anye.

"Mwache," mama mkwe akasema. "Meno anayo."

Neema akatafuna. Akakunja uso, nikajua sasa anatema. Akameza. Halafu akanyoosha mkono: "Bibi, tena."

Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi, maana machozi...

Kesho anaweza kugoma tena, najua. Lakini jioni hii lile chujio nimechujia chai ya mama mkwe. Nikamwongezea sukari bila kuombwa.