Mstari wa Shamba la Bondeni

Jumatatu, 7 Agosti 2006
Siku arobaini na nane tangu mume wangu Abdallah afariki. Nakaa ndani na nguo nyeupe. Nakula, nalala, naamka. Naandika ili mkono usisahau nilichofundishwa ngumbaru.

Wamekuja watu wa kupima mashamba ya kijiji. Wana mashine ndogo, wanaiita jipiesi. Mtu anaishika, anazunguka shamba lake kwa miguu, nayo inakumbuka kila alipokanyaga. Inaulizana na mitambo iliyo juu angani – ndivyo wasemavyo. Mimi nina eda, sizunguki popote. Mussa, mdogo wake marehemu, akasema, shemeji, tulia, nitakuzungukia. Nikasema haya.

Alhamisi, 10 Agosti
Mussa karudi na vumbi miguuni. Kazi imekwisha, shemeji. Kanywa uji, kausifu. Hana kawaida ya kusifu.

Jumanne, 15 Agosti
Msichana wa vipimo kaja mpaka ndani, kwa kuwa mimi sitoki. Anaitwa Modesta, kwao Songea. Suruali imembana. Nikamwambia kaa vizuri, hapa kuna msiba. "Samahani, bibi." Kaweka kompyuta mkekani. Ramani ya kijiji imo ndani, imepangwa tabaka juu ya tabaka kama kanga sandukuni: chini picha iliyopigwa toka juu, kisha njia, kisha mashamba. Akibonyeza, moja inatoka, nyingine zinabaki.

Nikamwambia toa mashamba, nione picha tupu. Mikorosho ni vitone. Ya bondeni nikaihesabu kwa kidole. Thelathini na moja. Niliipanda kwa mkono huu, kwenye ardhi ya mama yangu. Abdallah aliikuta.

Haya, rudisha mashamba. Mstari wangu umeishia kwenye minyaa. Bonde lote limo kwa Mussa.

"Huu si mpaka," nikamwambia. "Huu ni ua wa mbuzi wetu wa zamani."

"Aliyezunguka alifuata minyaa, bibi. Si ndiyo mipaka ya huku?"

Kweli, huku watu hupanda minyaa mpakani. Mgeni angekosea. Mussa si mgeni. Ua ule aliupanda yeye.

Modesta kasema kosa linarekebishika, ila hawezi kuchora kwa maneno. Mwenye shamba azunguke mwenyewe kabla ya mkutano wa kijiji, Ijumaa. Mkutano ukishapitisha ramani, hati zitaandikwa hivyo hivyo.

Nilitafuta hasira, sikuiona.

Jumatano, 16 Agosti
Nimemwita Mussa. Anasema alifuata minyaa tu. Nani aliipanda? Zamani hiyo, shemeji. Basi kayaseme hayo mkutanoni. Akasema bondeni kulikuwa mkononi mwa kaka yake, na tusibishane msibani. Mzee mzima, adabu kaijua leo.

Maalim Nassoro kapita, nikamuuliza nikiwa nyuma ya pazia. Kasema mjane mwenye dharura anatoka mchana, usiku analala kwake. Wifi yangu Asia akadakia: dini inaruhusu, watu hawaruhusu. Udongo wa kaka haujakauka, nawe uzurure mashambani na mashine! Nikamwambia akachambue mboga.

Alhamisi, 17 Agosti
Nimetoka. Jua limeniuma macho. Wanawake wa kisimani walitua ndoo kunitazama nilipopita, nami sikuwasalimia. Mashine nimeshika mwenyewe, daftari langu kiunoni, Modesta nyuma. Tumefuata mpaka wa juu, tumepita minyaa bila kusimama, tumeshuka bondeni. Mikorosho imeanza kutoa maua. Harufu naisikia, basi.

Betri zimekufa njiani. Modesta anabadili, mimi nimekaa chini naandika.

Mussa kaja. Amesimama kwenye kona ya mwisho, mikono nyuma, pale pale mguu wangu unapotakiwa kupita.

"Rudi nyumbani, shemeji. Unatuaibisha."

Nikamwambia sogea. Hakusogea.

Modesta ananong'ona, bibi, tumzunguke tu. Msomi mzima, kazi ni yake, na hili halioni. Tukimzunguka, mstari nao utazunguka.

Betri zimeingia. Mashine imewaka, inasubiri mguu. Nafunga daftari; simzunguki.