Mama Mumbua, Neti Bado Tunazikata

Mama Mumbua, dada yangu,

Mulembe. Leo nakuwahi mimi. Miaka yote tuliyokaa mlango kwa mlango hapa mtaa wa Baba Dogo, hukuwahi kuniacha nikusalimu kwanza. Ilikuwa mimi sijafungua mlango vizuri, nasikia hiyo salamu yetu ya Kiluhya, mulembe, inapanda ngazi kwa lafudhi yako ya Kikamba, na Waluhya wote wa ploti wanaangua kicheko. Siku hizi ngazi zimenyamaza. Watu wanapita wanasalimia kwa neno moja, sasa au sema, basi.

Watoto wameenda kanisani. Mimi nimewaambia kichwa kinauma. Hakiumi. Nilitaka tu kukaa hapa jikoni nikuandikie bila mtu kuniuliza nalia nini.

Chumba chako kimepata wapangaji, bwana na bibi wameoana juzi juzi tu. Ni watu wazuri. Siku waliyoingiza kitanda nilijifungia ndani, nikafungulia redio kwa sauti. Mumbua alihamia kwa shangazi yake kule mtaa wa Fedha, lakini asubuhi yuko hapa kwenye kibanda chako cha maziwa. Wateja bado wanasema, "Wacha nipite kwa Mama Mumbua." Mumbua hajawahi kumsahihisha mtu. Wiki iliyopita mwanamume mmoja alimuuliza kama maziwa yametiwa maji, naye akamwangalia hivi, kidevu juu, akamwambia, "Haya hayajui maji." Nilikuwa napita na ndoo yangu. Ilibidi niiweke chini, Mama Mumbua. Ilikuwa sauti yako kabisa.

Lakini nilichotaka kukuambia hasa ni habari za ranchi. Na za Kavata, ng'ombe wa Mumbua.

Unakumbuka tulivyoanza? Mimi sisahau. Kilikuwa kile kiangazi kibaya, malisho yamekwisha, na ranchi ya familia ya marehemu mume wako kule upande wa Konza imeanza kununua nyasi kavu, yale marobota makubwa ya mviringo yanayoviringishiwa neti ya plastiki ili yasitawanyike njiani. Wachungaji walikuwa wanakata neti upande mmoja, wanasukuma robota, wanaenda zao. Ng'ombe wanakula nyasi na neti pamoja. Wewe ulikuwa na ng'ombe wako Syombua, yule mweusi, aliyekuwa anakufuata kama mtoto. Akaacha kula. Akakonda mpaka mbavu zikaonekana, na huku tumbo limejaa. Alipokufa wakampasua tumbo.

Ukaja kwangu jioni umebeba mfuko. Hukusalimu. Ukaufungua pale sakafuni nikaona kitu kama kichwa cha mtu, neti iliyosokotana na majani na uchafu, nzito, inanuka. Ukasema, "Mama Nafula, wewe si unafanya kazi kwenye plastiki? Hii kitu haiwezi kusagwa?"

Mtu mwingine angekuja kulia. Wewe ulilia baadaye, ukiosha mikono.

Nilipeleka neti kidogo kiwandani kwetu, panaposagwa plastiki kuukuu, zile ulizookota ranchini zikiwa zimelala kwenye vumbi. Msimamizi wetu akaishika kwa vidole viwili. "Hii ni takataka ya ng'ombe," akasema. "Ikizungukia visu vya mashine nitakuja kuikata na meno?" Nilidhani yameisha. Nilipokuletea hayo majibu ukaniuliza swali moja tu, eti anataka iwe namna gani. Nikakuambia anataka plastiki safi, kavu, bila nyasi. Ukasema basi, tutamletea safi, kavu, bila nyasi.

Hapo ndipo ploti yetu ilipopata taabu. Tulikung'uta neti nyuma ya choo mpaka nyasi zikajaa kwenye sufuria za watu. Tuliziloweka kwenye pipa, tukazianika kwenye kamba za nguo, mashuka ya watu yakakosa pa kukaa. Mama Atieno wa chini akatoka na mwiko mkononi. "Kwani sisi tunaishi na nyinyi ama tunaishi na ng'ombe?" Ukamjibu kwa upole kabisa, "Tunaishi wote, mama." Kesho yake ukampelekea maziwa, na Jumamosi iliyofuata nikamwona yeye mwenyewe anakung'uta. Mpaka leo sijui ulimwambia nini.

Na msimamizi akachukua. Si zote. Zile zilizotoka matumboni na zile zilizochakaa alikataa, hata sasa anakataa. Lakini safi alichukua. Tulitembea kurudi nyumbani tukicheka kama wasichana.

Halafu zikaja Jumamosi za ranchini. Mimi mtu wa Bungoma, nimekulia na ng'ombe wawili waliofungwa kamba, hapo nasimama katikati ya kundi zima na pembe zao. Nilikuwa najificha nyuma yako. Ulinifundisha kukata neti juu ya robota kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kuivuta yote kabla nyasi hazijafunguliwa, kuizungusha mkononi huku nikiangalia kama kuna kipande kimekatika kikabaki. Wakati wa mvua ilikuwa inashika kwenye nyasi zilizolowa, vidole vinachanika. "Mwanzo neti, halafu nyasi." Ulisema hivyo mpaka wachungaji wakawa wanakuigiza ukigeuka mgongo. Yule Ngila, mkubwa wao, hakupenda kabisa. "Mama, ng'ombe walikuwa wanakula kabla hujaja." Wewe ukamwambia, "Na Syombua alikula pia." Wenzake wakakata, yeye akageuka akaenda zake.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa siku ulipoanguka pale kibandani, kikombe cha kupimia bado kiko mkononi. Presha, wakasema hospitalini. Nilikaa kwenye benchi nje ya wodi nikiwa nimeshika viatu vyako. Nilisema ukitoka utavitaka. Hukutoka.

Tulikuzika kule kwenu, kando ya baba Mumbua, karibu na ua wa ranchi. Wamama wa kanisa waliimba vizuri sana. Wakati mchungaji wa kanisa anaomba, mimi niliinua macho nikaona kipande cha neti kimenasa kwenye waya wa ua, kinapepea. Najua nilipaswa kufunga macho. Nilienda nikakitoa, nikakitia kwenye mkoba. Dada yako aliniangalia kama nimerukwa na akili. Sikuweza kukiacha pale, Mama Mumbua. Karibu na wewe? Hapana.

Baada ya hapo sikwenda ranchini tena. Nilijiambia nitaenda nani akiwa huko? Jumamosi zilikuwa zinafika, nafua nguo ambazo hata si chafu. Mumbua naye hakutaka kusikia habari za kwenda. Ukitaja tu, anabadilisha maneno. Lori la maziwa linamletea mitungi hapa, anauza, anarudi Fedha.

Kwa hiyo hatukujua kwamba wameacha kukata. Shemeji yako Mutiso, tangu abaki na ranchi peke yake, alikuwa na mengi ya kushika, akawaambia wachungaji wachome tu neti wanazozikuta. Zile walizozikuta ndizo walizochoma. Nyingine zilibaki kwenye nyasi.

Dereva wa lori ndiye aliyetuletea habari. Alimwambia Mumbua, "Ile ndama ya mama yako iliyokua, Kavata, haili. Imesimama tu." Mumbua akaja mlangoni kwangu, akasimama. Halafu akasema, "Auntie, ni kama Syombua. Nenda wewe. Mimi siwezi."

Nikaenda. Naapa nilikuwa naogopa njia nzima.

Kavata ulimnunua mwenyewe akiwa mdogo, ukasema huyu ni wa Mumbua, atamsomesha. Nilimkuta ameegemea ua, ana mimba, macho yamezama, ubavu wa kushoto umevimba ukawa mgumu kama ngoma. Mutiso alikuwa amemwita daktari wa mifugo kutoka mjini, msichana mdogo mdogo aliyevaa gambuti. Akampapasa, akasikiliza, akatuambia waziwazi: "Nikimwacha atakufa. Nikimpasua huenda akafa. Mwenye ng'ombe ni nani?"

Mutiso akaniangalia. Mimi! Nikampigia Mumbua simu. Nikamweleza alivyosema daktari. Halafu akasema, "Mama angesema nini?" Nikamwambia mama yako angeuliza tu kama maji ya moto ya daktari yako tayari. Akacheka, akalia, akasema, "Basi apasuliwe."

Alipigwa sindano za ganzi, akapasuliwa amesimama, Mama Mumbua. Sikujua ng'ombe anaweza kupasuliwa amesimama. Ngila alishika pembe, mimi nikashika mkia kwa sababu ndio ulikuwa mbali na kisu. Daktari akaingiza mkono mpaka begani. Akaanza kuvuta. Ikatoka neti, akavuta, ikatoka nyingine imefungana na ile ya kwanza, anavuta kama mtu anayetoa kamba kisimani. Rundo likakua pale kwenye majani, linafuka mvuke.

Hapo Mutiso akakaa chini. Mwanamume mzima, kwenye vumbi, kofia mkononi. Kwenye mazishi yako hakutoa chozi, mimi niliona, na nilimkasirikia. Siku hiyo alilia mbele yetu sote. "Kila Jumamosi aliniambia," akasema. "Kila Jumamosi, Mama Nafula. Nilidhani ni maneno ya wanawake wa mjini."

Ningeweza kumwambia mengi. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nilimwona alivyokuwa, nikaona ni mtu aliyempoteza ndugu, halafu akampoteza mke wa ndugu, na amebaki na ng'ombe wote hao na mvua haiji. Nikakaa karibu naye. Nikamwambia, "Shemeji, inuka. Daktari anataka maji."

Kavata aliishi. Mimba haikukaa. Ilitoka siku chache baadaye na nilimwambia Mumbua kwa mdomo wangu mwenyewe, sikutaka asikie kwa dereva. Kwa muda mrefu ng'ombe alikuwa mifupa na kovu. Sasa anakula. Daktari amesema tumpe muda kabla ya kumpandisha tena. Sikudanganyi kwamba yote yamekuwa mazuri. Ndama alikufa, na wewe haupo.

Lakini Mutiso alifanya kitu. Alichukua waya wa ua uliozeeka akatengeneza kizimba pale karibu na ghala la nyasi, akasema neti ikitoka kwenye robota iende moja kwa moja humo, isiguse chini. Hakuna kuchoma. Hakuna kufungua nyasi kabla neti haijatoka. Kizimba kikijaa, lori la maziwa linazileta Baba Dogo. Zile safi nazipeleka kiwandani. Zilizochanika kidogo wamama wa mtaa wa Lucky Summer wamezigundua, wanafunika mboga zao za sukuma wiki walizopanda kwenye magunia, kuku na ndege hawagusi. Zile mbovu kabisa bado zinanishinda. Ziko kwenye magunia nyuma ya choo, na Mama Atieno ameanza kuniangalia vibaya tena. Ungekuwepo ungejua la kumwambia.

Nimeanza tena kwenda Jumamosi. Wiki mbili zilizopita mvua ilitukuta tukifungua marobota, ile mvua ya upepo. Kipande cha neti kikaponyoka mkononi mwangu, kidogo tu, kama leso, kikapeperuka kuelekea malishoni. Nikasema moyoni, wacha, tutakitafuta kesho. Nikaona mtu anakimbia. Ngila, na miguu yake mibovu, anateleza kwenye matope, anakifukuza hadi kule ng'ambo ng'ombe walikokuwa. Alianguka mara moja. Akarudi amelowa chapachapa, amekishika. Akakitupa kizimbani, akaendelea na kazi, wala hakuniangalia. Hakuna aliyemtuma. Nilitaka sana uone. Niligeuka hata kukuita.

Hayo ndiyo yangu, dada. Ninachoka. Mikono yangu imekuwa kama yako. Kiwandani wananiita mama wa neti, na sioni kama ni tusi.

Jana jioni Mumbua alikuja baada ya kufunga kibanda. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, Jumamosi ijayo nitaondoka saa ngapi. Nikamwambia mapema. Akasema, "Nitakuja na wewe." Hajafika huko tangu tukuzike. Nilijifanya natafuta kifuniko cha sufuria ili asione uso wangu.

Kwa hiyo tutakuja wawili. Tutapita kwanza kwako. Sijui atafanya nini akikuona pale, kama atalia, kama atakasirika, kama atakaa kimya kama wewe ulivyokuwa ukikaa. Chochote atakachofanya nitamwacha akifanye. Akitaka tukae mpaka jua litue, tutakaa, ng'ombe wana Ngila siku hiyo. Sitamharakisha, na sitamwambia ajikaze.

Pumzika, Mama Mumbua. Ulifanya kazi yako ukiwa umesimama, sasa lala. Mtoto wako sitamwacha peke yake, si Jumamosi hiyo, si siku nyingine yoyote nikiwa na pumzi. Hilo nakuahidi.

Ni mimi jirani yako,
Mama Nafula