Blanketi la Babu na Bomba la Moshi

Fridolin mume wangu,

Nimekwenda mtoni Lumemo kuchimba udongo wa chungu. Wali na kambale nimevifunika mekoni. Kula kwanza, maana umetoka kutafuta waya bila kutia kitu mdomoni, kwa ajili ya maneno yangu.

Nilipokuona umekata nusu ya blanketi la marehemu babu yako ili ulizungushie bomba la moshi la gari, nilikuita mwizi mbele ya mkeo Balbina. Ukasema, "Bibi, joto la bomba linachemsha petroli kwenye mrija ulio jirani, gari linazima kabla ya Mngeta." Nikakujibu, "Nani humfunika mwenye homa blanketi ili apoe?" Balbina akacheka, wewe ukaenda kutafuta waya wa kulifungia.

Ulipoondoka nikaipua sufuria ya uji kwa kitambaa. Uji unatokota, mkono wangu hauna habari. Kumbe joto hufungiwa kwake, lisisumbue jirani. Ndilo ulilotaka kusema, nami sikukuacha umalize.

~~Nusu iliyobaki usiiguse.~~ Nusu iliyobaki nimeikata vipande mwenyewe, iko kitandani kwangu. Tutaipaka udongo isiungue, ndipo ufunge waya. Usianze kabla sijarudi.

Kitendawili: alimkinga mzee na baridi, sasa anamkinga mjukuu na joto. Ukishindwa, nipe mji. Nautaka Mngeta, na unipeleke mwenyewe, nikae mbele.

Najua jibu unalo. Shindwa tu.

Bibi yako, mke mkubwa